Klipu wanailipa, mekingofu wanaiomba kama matabisi: watu wa kamera wa Lubumbashi, ninyi mnafanyaje?

kadreri_wa_Kenya (mwenye uzi)

Jambo yenu wote. Niko Lubumbashi, Kongo, komini Kenya (sehemu ya mji wetu, si nchi). Tuko wanne kwenye kampuni yetu ndogo: mimi kwenye kamera, mwenzangu kwenye montaji, dada mmoja wa makiyaji na mavazi, na kijana wa taa ambaye pia ndiye dereva. Tunapiga klipu za muziki, na tunatengeneza mekingofu, zile filamu fupi za nyuma ya kamera zinazoonyesha klipu ilivyofanyika. Hizo ndizo kazi zetu mbili, na nimechoka kuona moja ikilipwa na nyingine ikiombwa bure.

Wiki iliyopita patroni wa msanii mmoja alikuja kwetu (simtaji, na naomba humu tusitaje mtu). Tukaelewana bei ya klipu, siku mbili za kupiga. Tukasimama kuagana. Akiwa ameshika mlango akasema: "Na mutaniwekea mekingofu ya dakika 10, kama matabisi."

Ukinunua sombe sokoni, mama anakuongezea majani machache juu ya fungu, hayo ndiyo matabisi, na unamwambia aksanti. Majani yako mbele yake, amekwisha kuyavuna. Dakika 10 za filamu hazikai kwenye kikapu zikingoja. Lazima mtu wa kamera ya pili awe pale tangu alfajiri mpaka usiku, na mtu huyo hasaidii klipu hata kidogo, kwa sababu akigeuka kubeba taa ndipo jambo la maana linatokea. Lazima sauti, na klipu haihitaji sauti ya mahali. Halafu montaji: klipu ina wimbo, wimbo unakuambia ukate wapi. Mekingofu haina wimbo wa kukushika mkono. Mwenzangu anakaa na saa 6 za picha akitafuta hadithi iko wapi.

Nawapa mfano mmoja. Tulipiga klipu ya kijana aliyetaka karindula ndani ya wimbo wake wa rap. Walikuja na ile kubwa, pipa la mafuta lenye ngozi ya mbuzi, nyuzi nne. Asubuhi ilikuwa baridi ya mwezi wa 6, ngozi imelegea, sauti imekufa. Mzee mwenye ala akaomba makala, makaa ya moto. Akaliinamisha pipa mbele ya moto, akawa anageuza, anagonga ngozi kwa kidole cha kati, anasikiliza, anageuza tena. Karibu nusu saa hivyo. Yule rapa alikuwa amekasirika kwamba tunachelewa. Kidogo kidogo akasogea, akachuchumaa, akaanza kugonga naye na kuuliza. Kwenye klipu karindula inaonekana sekunde 4. Kwenye mekingofu hiyo nusu saa ndiyo filamu yenyewe. Watu watatu waliotuita kazi baadaye walitaja huo moto, hakuna aliyetaja klipu.

Na si jambo geni duniani. Mwaka 1983, klipu ya Thriller ya Michael Jackson, ile ya karibu dakika 14 iliyoongozwa na John Landis, bajeti yake ilikuwa kubwa kuliko klipu zote za wakati ule. Pesa walizipata kwa kuuza filamu ya nyuma ya kamera kwa televisheni za Marekani, MTV na Showtime, kisha wakaitoa kwenye kaseti. Mekingofu ndiyo iliyolipia klipu! Sisi huku tunaifanya ipande nyuma ya gari kama mzigo usio na tiketi.

Maswali yangu: mnaiandika vipi kwenye devi, ile karatasi ya bei? Mnatoza kwa dakika au kwa siku? Na ikishakwisha, ni mali ya nani?

---

monteri_Ruashi

Yaya, umenigusa. Mimi ndiye mtu wa kukaa na hizo saa 6 za picha.

Kabla ya pesa niongee jambo linaloharibu mekingofu nyingi hapa mjini. Klipu mnaipiga kwa picha 25 kwa sekunde, vizuri. Halafu mnampa mdogo simu: "Piga nyuma ya kamera." Simu inapiga kwa 30, hakuna aliyeigusa. Ukileta kwangu nizichanganye, mwendo unakwaruza, mtu akipita anaruka-ruka. Na kuna ubaya wa pili. Umeme wetu ni wa herzi 50, kwa hiyo taa nyingi za ukutani zinapiga mara 100 kwa sekunde, jicho halioni lakini kamera inaona. Ukipiga kwa 30 na shata (muda jicho la kamera linaokaa wazi kwa kila picha) ya 1/60 unapata mistari myeusi inayopanda juu ya uso wa mtu. Siwezi kuifuta vizuri, hata nikilala hapo. Weka 25, shata 1/50, na ukitaka kali zaidi 1/100. Ni dakika moja ya kuingia kwenye mipangilio.

Jambo la tatu ni nafasi. Kamera inayoandika megabiti 100 kwa sekunde inakula gigabaiti 45 kwa saa moja. Saa 6 za mekingofu ni 270. Zidisha mara mbili, kwa sababu lazima nakala iwe kwenye diski ya pili. Hiyo diski nani anainunua? Mteja anasema matabisi, lakini muuza diski hajui neno hilo.

---

mwanafunzi_Likasi

Samahani wakubwa. Simu yangu haina mahali pa kuchagua 25. Nifanye nini?

---

monteri_Ruashi

Mdogo wangu, tafuta programu ya kamera inayokuachia kuweka kwa mkono, ziko za bure. Zikikataa kabisa, piga mchana kwa mwanga wa jua na ukae mbali na taa za ukutani. Jua halipepesi.

---

mama_sauti

Nashukuru kwa uzi huu. Mimi nashika sauti, niko peke yangu mwanamke kwenye ekipi nyingi ninazofanya nazo, na nimeona mekingofu nyingi zikifia masikioni.

Watu wanafikiri siku ya klipu hakuna kazi ya sauti, maana wimbo upo tayari. Basi bafle, ile spika kubwa, inalia kutwa nzima, na mekingofu inapigwa juu ya huo mlio. Msanii anasema jambo zuri la kutoka moyoni, nyuma yake wimbo uko kwenye beti ya pili. Monteri akikata sentensi katikati, wimbo unaruka. Akiunganisha sentensi mbili, wimbo unarudi nyuma. Hayo mazungumzo yamekwisha kufa.

Ninavyofanya: namwomba mwongozaji, kabla watu hawajaanza, anipe mapumziko matatu ya dakika 10 bila bafle. Hapo nampata msanii, nampata mtu wa taa, nampata anayepika. Namwekea kila mmoja maikrofoni ndogo ya kifuani. Na kila mahali nachukua nusu dakika ya kimya chake, kwa sababu kimya cha uwanja wa Katuba si kimya cha chumba cha Kamalondo. Kule kuna jogoo na pikipiki za mbali, huku kuna friji.

Na kwa klipu yenyewe, kadreri, hili liwe zawadi yangu kwako. Mnapompeleka mwimbaji mbali ili aonekane mdogo mbele ya mandhari kubwa, bafle msiiache kwenye kamera. Sauti inatembea kama mita 340 kwa sekunde. Akiwa mita 34 kutoka kwenye bafle, wimbo unamfikia umechelewa sehemu ya kumi ya sekunde, ambayo ni picha mbili na nusu. Midomo inachelewa na kila mtu anamlaumu mwimbaji. Niliwahi kumwona msichana akilia kwa kuambiwa hajui wimbo wake mwenyewe, baada ya kurudia mara 11. Nikabeba bafle, nikaificha nyuma ya jiwe miguuni pake. Mara ya 12 ikawa safi. Kamera ya mekingofu ilikuwa imezimwa ili kuokoa betri. Mpaka leo inaniuma.

---

kadreri_wa_Kenya (mwenye uzi)

Mama, aksanti sana. Hilo la bafle nimeshalifanya kosa zaidi ya mara moja, na nililaumu mwimbaji. Kuanzia sasa bafle inatembea naye.

Na huo wakati wa msichana na jiwe ndio ninaousema. Betri ya pili ingekuwa kwenye devi, tungekuwa nao.

---

dansa_Katuba

Naomba nami niseme, ingawa sina kamera.

Nimecheza kwenye klipu karibu 20. Tunaitwa saa 10 za usiku ili mwanga wa kwanza utukute tuko tayari. Mwezi wa 6 na wa 7 hapa kwetu baridi inauma, mji uko juu, na sisi tumevaa nguo za klipu, mabega wazi. Tunaota moto wa makala, tumejifunika vitenge. Mtu wa mekingofu anakuja anatupiga hapo, na mimi sikatai. Ile ni kweli yetu. Wakati wa kurudia kwa mwendo wa polepole, wimbo unachezwa kwa kasi mara mbili, kamera inapiga picha 50, na sisi tunacheza kama tumewashwa moto miguuni. Tunacheka mpaka tunaanguka. Kwenye klipu tunaonekana tunaelea kama malkia. Mama yangu hakuamini mpaka alipoona mekingofu.

Lakini kuna mambo mawili. La kwanza, mtu mmoja alinipiga nikibadilisha nguo nyuma ya gari. Hakuonyesha mwili, lakini nilijiona na nikajua nilikuwa sijui kwamba napigwa. Nilimwomba aondoe, akasema imekwisha kupanda mtandaoni. Nilikaa nyumbani wiki mbili, sikwenda mazoezini. La pili, majina. Kwenye mekingofu za wenzetu wa nchi nyingine, mtu akitokea anasema anaitwa nani na anafanya nini. Sisi tunapita tu kama upepo. Msanii ana jina, mwongozaji ana jina, sisi ni "madansa".

Kama mnataka mekingofu ilipwe kama filamu, basi ituhesabu kama filamu.

---

mama_sauti

Dada, pole sana kwa hilo la nguo. Nimeisoma mara mbili.

---

kadreri_wa_Kenya (mwenye uzi)

Dada yangu wa Katuba, pole. Aliyefanya hivyo alikukosea, na kusema imekwisha kupanda si jibu, mwenye video anaweza kuishusha wakati wowote.

Kwetu hatujawahi kuandika kanuni, tulikuwa tunategemea adabu ya mtu. Nimeongea na wenzangu leo mchana. Kuanzia kazi ijayo: pazia au gari la kubadilishia nguo, hapo kamera haikaribii, hata iliyozimwa. Na kila aliyetokea anaonyeshwa vipande vyake kabla ya filamu kutoka. Kuhusu majina, nakupa haki. Ile mekingofu ya karindula, nimeifungua tena usiku huu. Mzee wa karindula yumo dakika nzima kwenye moto, na jina lake halimo. Nilimwita "mzee" siku nzima na sikumwuliza.

---

mzee_gitaa

Wanangu, nawasoma kutoka Kamalondo. Mimi si mtu wa kamera, nilipiga gitaa enzi zangu, sasa vidole vimegoma.

Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki, alikuja na mashine yake ya kurekodi mpaka Jadotville, Likasi ya leo, akamrekodi mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco. Gitaa lile la vidole viwili limezunguka dunia. Tracey alikuwa na desturi ya kujaza kadi kwa kila wimbo: nani anaimba, lugha gani, mahali gani, ala gani. Kwa sababu ya kadi hizo mtu anaweza leo kujua alikuwa anasikia nini. Waliopiga katika baa za hapa Kamalondo miaka ile ile na hawakuandikiwa kadi, mimi ninawakumbuka wachache, na nikiondoka wanaondoka.

Kadreri, mrudie huyo mzee wa karindula. Mwulize jina lake, mwulize nani alimfundisha, mwulize ngozi anaitoa wapi na pipa anakata vipi. Nenda na mama sauti. Msiende mikono mitupu.

---

meneja_wa_site

Heshima kwa mzee, heshima kwa wote. Naomba niongee upande wa pili, maana mimi nasimamia wasanii wawili na nimewahi kusema hilo neno "matabisi".

Msanii wa hapa anakuja na pesa ya klipu aliyoikusanya kwa mwaka. Shangazi ametoa, rafiki wa Kasumbalesa ametoa, na mengine ni deni. Ukimwekea mistari miwili kwenye devi anaona mlima. Lakini bila mekingofu klipu inatoka leo na kesho imesahaulika, kwa hiyo vipande vya kuonyesha kila siku anavihitaji kweli. Hakusudii kuwadharau. Anajua klipu ni bidhaa, mekingofu haijui bado.

Pendekezo langu: msimwuzie dakika 10. Mwuzieni dakika 3 zilizo nzuri, na vipande vitano vya sekunde 30 vya picha ya wima, vya simu. Zile saa zilizobaki ziwe zenu. Mkitaka kutengeneza filamu ndefu baadaye, mtengeneze kwa jina la kampuni, na msanii apate nakala na fungu lake ikiingiza kitu.

---

kadreri_wa_Kenya (mwenye uzi)

Mukubwa, aksanti kwa kuongea wazi. Hapo kwenye dakika 3 nakubali moja kwa moja. Kwenye "saa zilizobaki ziwe zenu" nina wasiwasi: wimbo si wangu. Nikitoa filamu ndefu yenye wimbo wake ndani, si ataweza kunishusha?

---

wakili_mdogo

Nasomea sheria hapa mjini, naomba nisaidie kidogo kwa ninachokijua.

Sheria yetu ya haki za watunzi ni ordonansi-sheria namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986. Ina umri mkubwa, lakini ndiyo iliyopo, na inalinda pande zote mbili. Wimbo una mtunzi wake na waimbaji wake. Filamu nayo ni kazi yenye watunzi wake. Kwa hiyo ndani ya mekingofu moja kuna haki mbili zimelala kitanda kimoja, na kila mmoja anaweza kumzuia mwenzake. YouTube pia ina mfumo wa kutambua wimbo wenyewe: ikiwa aliyeuandikisha wimbo ni msambazaji wa msanii, mapato ya filamu yako yanaweza kuelekea kwake, hata kama picha ni zako zote.

Dawa ni karatasi ya ukurasa mmoja kabla ya kuwasha kamera. Andikeni: picha ambazo hazikutumika ni za nani, wimbo unaruhusiwa kutumika dakika ngapi na wapi, pesa zikipatikana zinagawanywa vipi. Na waliotokea, kila mmoja saini yake. Sahihi ya msanii haimsainii dansa. Kama dansa hajafikisha miaka 18, mzazi asaini.

Na andikeni kwa lugha ambayo wote mnaielewa. Nimeona mikataba ya Kifaransa kizito iliyosainiwa na mtu anayesoma Kiswahili tu.

---

monteri_Ruashi

Naongeza kwenye devi: tozeni kwa siku za kazi, msitoze kwa dakika za filamu. Dakika 3 zinaweza kunila siku 5, na dakika 10 mbaya zinaisha kwa siku 2. Mimi naandika: mtu wa kamera ya pili, siku 2. Sauti, siku 2. Montaji, siku 5. Diski, moja. Mafuta ya jenereta, kwa sababu delestaji (kukatwa umeme) haiangalii kama faili imekwisha kuhifadhiwa. Mteja akisoma mstari kwa mstari haulizi tena matabisi, anauliza tupunguze siku ipi. Hayo ni mazungumzo ya kazi.

---

kadreri_wa_Kenya (mwenye uzi)

Narudi na habari, siku nne baadaye.

Nilimpelekea patroni devi mpya, kurasa mbili. Ya klipu kama tulivyoelewana. Ya mekingofu: dakika 3, vipande vitano vya simu, mstari kwa mstari kama monteri alivyosema, na ile karatasi ya wakili nimeiandika kwa Kiswahili. Alikaa kimya siku mbili nzima. Nilifikiri kazi imekwenda. Jana jioni akapiga simu, akauliza swali moja tu: kwa nini sauti siku 2 na wimbo upo? Nikamweleza hadithi ya bafle na jiwe, kama mama alivyoisimulia. Akanyamaza kidogo, akasema basi siku moja ya sauti, siku ya kwanza. Tumekubaliana. Avansi, malipo ya kwanza, ya klipu ameleta. Ya mekingofu ataleta siku ya kupiga, na imeandikwa kwamba kamera ya pili haiwaki kabla ya hapo.

Kwa mzee wa karindula tulikwenda leo, mimi na mama sauti. Tulimpelekea sukari na kilo mbili za unga. Alitukalisha, tukala bukari na samaki kwake, akazungumza saa moja na nusu chini ya mwembe. Jina lake tumeliandika, na la aliyemfundisha, na la kijiji. Alipoona ule moto kwenye ordinateri alicheka, akasema ngozi ile imekwisha kupasuka, sasa ana nyingine. Mekingofu ya zamani tutaipandisha upya ikiwa na majina yote, ya madansa pia; tunaomba waliocheza siku ile watuandikie, wawili bado hatujawapata.

Dansa wa Katuba, kazi ni Jumamosi hii na nyingine, saa 10 za usiku. Ukitaka kuja, nafasi yako ipo, na gari la kubadilishia nguo litakuwa limefungwa pazia pande zote. Njoo na koti.

Umeme umerudi sasa hivi. Nakwenda kuchaji betri, zote sita.